Mkuu, usiguse nyuzi za besi za hiyo Stick

Weka ufunguo chini kwanza, halafu usome. Nilifika pale ulipoandika kwamba jamaa wa duka la magita amekushauri upange upya nyuzi tano za besi za Chapman Stick yako (ile ala ya ubao mrefu inayogongwa kwa vidole vya mikono miwili) "ziende kama besi ya kawaida", chai ikanipalia. Hayo maneno nimeshayasikia, tena nilimlipa aliyeniambia.

Mimi nilikuwa mpiga besi wa bendi za dansi Dar kabla sijahamia huku Marekani. Nikapata Stick ya nyuzi 10, mkono wa pili. Kufungua boksi nakuta upande wa besi ni C, G, D, A, E, na ule uzi mnene kuliko wote umekaa katikati ya ubao, wenzake wanazidi kuwa wembamba kuelekea nje. Besi yangu inaruka noti nne nne toka uzi hadi uzi, hii inaruka tano tano, na tena kinyumenyume. Nikasema hawa wamekosea. Yaani mimi, niliyeishika dakika kumi, nikamsahihisha Emmett Chapman, mpiga gita la jazi aliyeanza kugonga nyuzi kwa mikono miwili mwaka 1969 na akaanza kuuza hizi Stick 1974. Laiti ningekuwa na ujasiri ule kwenye usaili wa kazi.

Nikaipeleka kwa fundi. Alikuwa hajawahi kuishika hata moja, lakini badala ya kusema hivyo akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: "Hii imepangwa ovyo, tutainyoosha." Akahamisha uzi mnene hadi ukingoni, akatyuni B, E, A, D, G kwa nyuzi zilezile. Tazama sasa hesabu yake. Ule wa C unashuka nusu-toni moja, yaani hatua ya freti moja, kuwa B, sawa, unavumilika. Wa G unashuka tatu. Wa D tano, wa A saba, na ule mwembamba wa E unashuka tisa kuwa G! Uzi umechaguliwa unene kwa noti yake. Ukiulegeza kiasi hicho unakuwa kamba ya kuanikia nguo. Zikaanza kugwaruza kwenye freti, vile vyuma vya ubaoni, kila noti inalia kama bati lililong'oka msumari.

Na dawa ya fundi wangu? Akanyanyua nyuzi.

Hapo ndipo aliponimaliza. Stick haikung'utwi wala haina pleki, kile kipande cha kukwanyulia nyuzi. Kidole kikishusha uzi kwenye freti, hiyo ndiyo sauti yenyewe, na ndiyo maana zinakaa chini sana, karibu kabisa na freti, unagusa kama unayegusa kioo cha simu. Ukizinyanyua, kila noti ni nyundo. Mimi sikujua, nikadhani ndivyo kinavyopigwa, na kuna bwana mmoja kwenye video alikuwa anasisitiza "jenga nguvu za vidole". Nguvu gani? Nilitwanga miezi saba. Kifundo cha mkono wa kushoto kikavimba, nikawa nashindwa kufungua chupa ya maji, namwita mke wangu. Akaniuliza: baba, hicho kitu unakipiga au kinakupiga? Nikamwambia ni sanaa, haelewi.

Seti mpya ya nyuzi nilinunua. Fundi wa pili nilimlipa kurudisha kila kitu kilipokuwa, naye alicheka bila kujificha. Mkono niliupumzisha wiki sita. Vyote hivyo nimesamehe. Nisichosamehe ni kwamba vidole vilikuwa vimeshakariri ramani ya uongo, ikabidi nianze kama sijawahi kushika besi maishani.

Maana zile tano tano zina sababu. Chukua C kwenye uzi mnene. Uzi wa pili, freti ileile, ni G. Uzi wa tatu, panda freti mbili, ni E. Umeshapata kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kubwa, ile "major", imetawanyika vizuri, kwa vidole vitatu vya mkono mmoja. Unataka ndogo, "minor"? Uzi wa tatu panda freti moja badala ya mbili. Umbo ni hilohilo popote utakapohamia kwenye ubao. Na kutoka uzi wa chini hadi wa juu umefika nusu-toni 28, wakati kwa mpango wa nne nne unaishia 20. Mkono wa kushoto unafanya kazi ya besi na rizimu pamoja, wa kulia unapiga solo. Ukiupanga kama gita la besi, umebaki na gita la besi lisilokuwa na tumbo.

Wiki ya kwanza utaona umepotea. Mimi nilipoanza upya nilikaa na kodi tatu tu, F, C na G, mkono wa kushoto peke yake, kama wiki tatu hivi, mpaka nikaacha kutazama ubao. Ilinichosha kuliko aibu ya kwa yule fundi, lakini ilikaa.

Uliuliza mengine pale, amplifaya na mwalimu, sijui na mkanda. Waya nakumbuka: Stick inatoa sauti mbili, besi na melodi kila moja njia yake, kwa hiyo waya wa gita wa kawaida utakupa upande mmoja tu. Mimi nilidhani imeharibika, nikaenda kulekule kwa fundi. Ndiyo, kwa yuleyule.

Huyo jamaa wa duka ameshaigusa au bado? Piga picha nyuzi zote 10 kwa karibu, pale juu na pale kwenye daraja, nyuzi zinapoishia chini, uweke hapa leo.