Maswali ya Wasomaji: Kinachoipa Thamani Bunduki Kongwe ya Jeshi

Ndugu mhariri, kwenye duka la vitu vya kale hapa Hamburg nimeona Mauser mbili za modeli ya 1898, hazina tofauti machoni pangu. Moja inauzwa mara sita ya mwenzake kwa sababu, anavyodai muuzaji, ilibebwa na askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Bei hiyo inatoka wapi, na nitajuaje kama madai ni ya kweli? — Msomaji, Hamburg

Weka hadithi pembeni kwanza, soma namba. Kwenye Gewehr 98, ndiyo hiyo Mauser ya 1898, namba kamili imegongwa kwenye mwili wa chuma, kwenye mtutu na kwenye mpini wa bolti, kipande kinachofunga nyuma ya mtutu. Vipande vidogo, hadi skrubu, vina tarakimu mbili za mwisho tu. Mwili ukiwa na 4736, skrubu ziwe na 36. Angalia pia herufi ndogo iliyo chini ya namba. Kiwanda kilihesabu hadi 9999, kikaanza upya kwa herufi a, halafu b, na mwaka ulipobadilika hesabu ikarudi mwanzo. Kwa hiyo 4736 a na 4736 c ni bunduki mbili, na wauzaji wengi huonyesha namba bila kutaja herufi. Bolti ndiyo hupotea kwanza, kwa kuwa hutoka kwa mkono bila bisibisi, na silaha zilizosalimishwa mara nyingi zilitenganishwa na bolti zake makusudi. Bunduki yenye namba zote zinazolingana ina maana haijawahi kuchanganywa na vipande vya nyingine karakanani, na hizo ni chache. Ndiyo maana watu hulipa.

Baada ya namba, tazama uso wa chuma. Gewehr 98 za kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilitoka kiwandani zikiwa na mtutu mweusi lakini mwili wa chuma cheupe kilichosuguliwa. Mauser ya 1912 yenye mwili mweusi imetiwa weusi baadaye, na ikiwa chini ya weusi huo unaona vishimo vya kutu, basi kutu ilitangulia na rangi ikafuata. Upande wa mbao, pitisha kidole mahali mbao inapokutana na chuma. Mbao ambayo haijaguswa huwa imeinuka kidogo kuliko chuma, na mihuri yake ina kingo kali. Mbao ikiwa imeshuka chini ya chuma na mihuri imefifia, msasa umepita hapo. Kwa mkusanyaji makini hilo ni pigo kubwa kuliko mkwaruzo wowote wa vitani, kwa sababu mkwaruzo ni sehemu ya historia na msasa umeifuta.

Sasa tuje kwa askari. Chunguza kama juu ya chemba, pale risasi inapokaa, mbali na mwaka wa kiwandani, pamegongwa pia 1920. Tarakimu hizo ziligongwa kwenye silaha zilizokuwa bado mikononi mwa serikali ya Ujerumani baada ya vita. Kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, kilisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Bunduki iliyogongwa 1920 haikuwa huku. Ukiiona alama hiyo, mazungumzo yameisha.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawapendi kulisikia. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari zilikuwa na Mauser ya 1871, ya risasi moja moja na baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi na kumfichua mpigaji. Modeli ya 98 zilikuwa chache hadi meli ya Rubens, iliyoleta silaha kutoka Ujerumani, ilipofika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915. Kisha Novemba 1917, kule Ngomano kwenye Mto Ruvuma, askari waliteka ghala la Wareno na kubadilisha silaha. Bunduki walizosalimisha Abercorn zilikuwa hasa za Kiingereza na za Kireno. Kwa hiyo anayetaka kitu cha askari asiing'ang'anie 98 peke yake. Mauser-Vergueiro ya Kireno ya 1904, milimita 6.5, yenye nembo ya Mfalme Carlos I juu ya chemba, ina hoja nzuri kihistoria. Nyingi zilifupishwa na kugeuzwa milimita 7.92 mwaka 1939, na hizo thamani yake ni ndogo. Ambayo haikugeuzwa ndiyo ya kutafutwa, ingawa nembo ya Carlos peke yake haithibitishi kwamba ilipita Ngomano.

Akikuonyesha herufi K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe, jeshi la makoloni, chukua kioo cha kukuzia. Alama ya zamani ina rangi ile ile ya chuma kinachoizunguka na uchafu wa miaka ndani yake. Iliyogongwa juzi ina ukingo ulioinuka na sehemu ya ndani inang'aa. K.S. ni herufi mbili tu, mtu yeyote mwenye nyundo anaweza kuzigonga. Pasipo karatasi, picha au orodha ya kikosi inayotaja namba, lipa bei ya bunduki, usilipe bei ya simulizi.

Assalaam alaykum. Marehemu babu alituachia bunduki ya Martini-Henry yenye pete za fedha kuzunguka mtutu. Kaka anataka tuisafishe ing'ae, halafu ipigwe harusini. Je, fedha inaongeza au inapunguza thamani? — Msomaji, Maskati

Waalaykum salaam. Fedha isitolewe. Mkusanyaji wa Uingereza anayetaka silaha ya jeshi tupu huenda akaipita, lakini pete za fedha ni kazi ya mafundi wa Oman na sehemu ya maisha ya bunduki hiyo nchini kwenu. Huko Ghuba wapo wanaotafuta hasa za namna hiyo. Ukizing'oa utabaki na mikwaruzo kwenye mtutu na alama za pete, na mnunuzi wa Uingereza bado hatarudi.

Kinachotenganisha bei ni upande wa kulia wa mwili. Ya jeshi la Uingereza ina taji, herufi V.R. (Victoria Regina, yaani Malkia Victoria), jina la kiwanda kama Enfield, mwaka, na namba ya Kirumi ya toleo. Tafuta pia mshale mpana wa serikali. Mishale miwili inayogusana ncha kwa ncha inaonyesha iliuzwa nje ya jeshi kihalali. Isiyo na mshale wala V.R. huenda ilitengenezwa kwa biashara tangu mwanzo, na nyingi za aina hiyo zilipita bandari ya Maskati. Ni halali, ila bei yake ni ya chini. Zinazopanda juu kabisa ni za matoleo ya mwanzo, za kabla ya 1879, zenye mihuri ya vikosi vilivyopigana na Wazulu. Nyingi za baadaye zilishuka bei baada ya 2003, wafanyabiashara wa Marekani walipolinunua ghala zima la jeshi la Nepal kule Kathmandu na maelfu ya Martini yakaingia sokoni.

Kuhusu kung'arisha, tafadhali msifanye. Msasa, brashi ya waya na dawa ya kung'arishia shaba huondoa kile hasa mnachomiliki. Hakikisheni kwanza haina risasi: sukumeni wenzo chini, chungulieni chemba. Kisha futeni vumbi kwa kitambaa laini kikavu, pakeni chuma mafuta mepesi ya bunduki, tabaka jembamba, na mshike kwa glovu za pamba kwa sababu jasho lina chumvi. Msiihifadhi kwenye ala ya ngozi au ya kitambaa, maana hunyonya unyevu wa bahari na kuukumbatiza chuma usiku kucha. Ikisimamishwa, mdomo wa mtutu uwe chini. Ukiwa juu, mafuta huteremka na kuingia kwenye shingo ya kitako, mbao ikawa nyeusi na laini, na hapo ndipo hupasuka.

Na isipigwe. Risasi yake ilijazwa baruti nyeusi takriban gramu 5.5 nyuma ya kipande cha risasi cha gramu 31. Fundi akitia baruti ya kisasa kwa ujazo huo, msukumo unapanda mno na chuma cha miaka 140 kinaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Rafiki yangu aliyekuwa jeshini alininunulia Martini-Henry sokoni Kabul. Imeandikwa V.R. na 1907. Ni ya thamani? — Msomaji, Ohio

Malkia Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Herufi zake kwenye bunduki ya 1907 hazina maelezo mengine isipokuwa kwamba imeundwa na mafundi wa karakana ndogo za mpakani mwa Afghanistan na Pakistan. Soma neno ENFIELD herufi kwa herufi, mara nyingi N imegeuzwa au mstari umepinda. Wapo wanaokusanya kazi za mafundi hao kwa heshima zote, na wanastahili heshima hiyo, lakini bei ni sehemu ndogo ya Enfield halisi. Ipambe ukutani. Usiipige kabisa, maana ugumu wa chuma chake haujulikani.

Kwa kuwa uko Marekani, kumbuka mpaka wa sheria ya shirikisho: bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale na huuzwa kwa urahisi zaidi. Mpaka huo wenyewe huinua bei, kwa sababu wanunuzi huwa wengi. Ukitengeneza hati ya mauzo, usiandike mwaka uliogongwa kana kwamba ni wa kweli.

Tulipokuwa tunachimba shimo la choo karibu na Mahiwa, Lindi, tumekuta mtutu wenye kutu na vitu kama risasi. Kuna mtu anataka kuununua. Tufanyeje? — Msomaji, Lindi

Simamisheni jembe. Mahiwa palipiganwa vita vikali Oktoba 1917, na risasi au kombora lililofukiwa huweza kulipuka hata leo. Msilisugue wala msilibebe. Wekeni alama mahali hapo, wazuieni watoto, piteni kituo cha polisi. Msimuuzie mtu: uzee wa silaha hauwaondolei wajibu wa kibali. Mtutu uliokaa ardhini miaka mia mkusanyaji hununua kwa bei ndogo sana, wakati kwa mwanahistoria mahali ulipolala, kina chake na yale maganda yaliyo kando yake ndivyo vyenye maana. Polisi wakishahakikisha hakuna kinacholipuka, waombeni wawasiliane na Makumbusho ya Taifa, na kabla chochote hakijasogezwa pigeni picha mkiwa mbali, ukionekana mti au nyumba ya karibu ili mahali pajulikane.