Omba ratiba ya zamu kabla hujauliza mshahara

SWALI

Shikamoo Mzee wa Reli. Mimi ni dereva wa daladala, ruti ya Gongo la Mboto kwenda mjini. Nina miaka 29, mke, mtoto mmoja na wa pili yuko njiani. Gari si langu, kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki tunagawana na konda. Mkataba sina, NSSF sina, na nikiumwa deiwaka anakaa kwenye usukani, mimi nakaa nyumbani mikono mitupu.

Nina cheti cha VETA cha ufundi wa magari. Sasa nimepata nafasi ya kusomea udereva wa treni, na naambiwa nikimaliza nitaanzia treni za abiria za hapahapa Dar. Mke wangu amefurahi, anasema angalau mshahara utakuwa na tarehe. Shemeji yangu anasema treni ya mjini ni mateso matupu: unaamka usiku, unarudi usiku, na iko siku utaua mtu. Mshahara wa kuanzia hauzidi sana ninachopata mwezi ukiwa mzuri. Nipimeje? Na je, ni kweli nikianzia mjini baadaye nitahamia SGR?

D., Gongo la Mboto

JIBU

Marahaba, mwanangu. Shemeji yako hajakudanganya, na mkeo naye hajakosea. Tatizo ni kwamba wote wawili wanabishana juu ya mshahara na ajali, wakati kitu kitakachokushinda au kukuweka kazini ni usingizi.

Treni yenyewe unaijua, inakupita hapo Gongo la Mboto ikienda Pugu. Tangu mwaka 2012, treni za abiria za mjini zilipoanza na watu wakaziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, kazi yake kubwa ni moja: kuwaingiza watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Ile ya TAZARA ya Mwakanga ni hivyohivyo. Kwa hiyo dereva anatakiwa sana alfajiri, na anatakiwa sana jioni. Katikati hapo hana kazi kubwa, lakini nyumbani pia hayupo.

Chukua mfano. Treni inaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Dereva hafiki saa kumi na moja na robo kama wewe na daladala yako. Anaripoti saa kumi, anasaini, anasoma maagizo ya njia, anakagua kichwa, wanajaribu breki za mabehewa yote. Tuseme anafanya kazi mpaka saa nne asubuhi. Kisha anaachwa mpaka saa tisa alasiri, anapanda tena, anamaliza saa tatu usiku baada ya kulaza treni. Hizo ni saa sita na saa sita, jumla 12. Na kesho saa kumi alfajiri anatakiwa tena.

Sasa weka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pembeni ya mfano huo. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukichanganya na za ziada, siku moja haizidi saa 12. Kwa hiyo ukitazama siku moja moja, ratiba hiyo inapita, kwa shida. Lakini zidisha kwa siku tano: saa 60, yaani 15 za ziada kila wiki, na kwa wiki nne ni 60 za ziada. Sheria inaishia 50 kwa wiki nne. Hapo imeshavunjika bila mtu kupiga kelele, kwa sababu kila siku ilionekana halali.

Mapumziko je? Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri ni saa saba. Sheria inataka saa 12 mfululizo kati ya siku ya kazi na nyingine. Inaruhusu zipunguzwe hadi 8, ila yawepo makubaliano ya maandishi, na siku ya kazi iwe imekatwa katikati kwa muda usiopungua saa tatu. Hiyo ya kukatwa katikati treni ya mjini inayo. Saba, hapana, hata ukisaini.

Na hizo saa saba toa safari. Utatoka Stesheni saa tatu usiku, ufike Gongo la Mboto, ule, uoge, ulale, uamke saa nane na nusu. Saa tisa usiku hakuna daladala, wewe mwenyewe ndiye unayejua kwa nini. Ni bodaboda kila siku, au gari la wafanyakazi kama lipo. Uliza kama lipo. Hela ya bodaboda ya usiku wa manane inaweza kula ile tofauti yote ya mshahara unayoipigia hesabu.

Ndiyo maana nakwambia ukienda kuonana na afisa utumishi, omba uonyeshwe ratiba ya zamu ya mwezi uliopita. Ya mwezi ujao kila ofisi inayo nzuri. Tazama kama kuna timu mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni, au ni watu walewale wanabeba pande zote. Tazama jina moja tu, lifuate wiki nzima kwa kidole. Uliza pia zile saa za mchana zinahesabiwaje: ukitakiwa ubaki stesheni ukisubiri kuitwa, hiyo ni kazi kwa maoni yangu, na kuna waajiri watakaokwambia ni mapumziko. Ziada inalipwa mara moja na nusu. Saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka kumi na mbili asubuhi, zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Ni ndogo, lakini ni yako, idai.

Kabini sitaisemea sana. Kwenye vichwa vya dizeli kuna joto, kuna mngurumo unaokukaa masikioni hata ukiwa kitandani, na choo hakuna, kwa hiyo utajifunza kunywa maji kwa ratiba ya stesheni. Omba upimwe masikio na macho kabla hujaanza, na nakala ubaki nayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoanza na aendelee kupimwa. Siku ukisema husikii vizuri, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Sasa la shemeji yako. Watu wanatembea kwenye reli, wanapanga nyanya juu ya mataruma, wanavuka na simu sikioni. Upande wa Buguruni niliwahi kukuta bajaji imezima katikati ya kivuko. Dereva wake, kijana mdogo, aliruka, akakimbia, akageuka, akarudi kuivuta kwa nyuma. Nilikuwa nimeshavuta breki mpaka mwisho na honi nimeikalia. Baada ya hapo dereva wa treni hana jingine la kufanya. Usukani wa kukwepea haupo. Unakaa hapo kwenye kioo unamwona usoni. Bajaji ilitoka, nasi tukaja kusimama tukiwa tumeshapapita pale ilipokuwa. Kijana akanipungia, anacheka. Mimi kifuniko cha chupa ya maji kilinishinda kufungua. Kwenye redio nikaambiwa treni imechelewa, niondoke. Nikaondoka.

Ulizia hilo waziwazi: dereva akigonga mtu, anashushwa siku hiyohiyo? Anapumzishwa kwa malipo? Nani anakwenda naye polisi kuandika maelezo? Wakikuangalia kama umeuliza kitu cha ajabu, umeshapata jibu. Ukiajiriwa jiunge na TRAWU, chama cha wafanyakazi wa reli, na usome mkataba wa hali bora kabla hujausikia kwa watu. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kitu ambacho kwenye daladala isiyo na mkataba ni vigumu hata kukitaja.

Kuhusu SGR, usiifanye sababu ya kwenda. Njia yetu ya zamani ni ya mita moja, TAZARA ina milimita 1,067, na SGR ni 1,435, lakini upana ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. SGR, iliyoanza kubeba abiria 2024, inaendeshwa kwa umeme, inafika kilomita 160 kwa saa, na ruhusa ya kwenda dereva anaiona kwenye skrini ndani ya kabini. Utasoma upya. Uzoefu wa dizeli utakusaidia kwenye nidhamu na breki, haukupi kiti. Njia yao haina watu wa nyanya, hilo ni kweli. Ila ukifika Dodoma usiku, utalala Dodoma.

Jambo jingine dogo ambalo mkeo ajue mapema: Chuo cha Reli kiko Tabora, na cha TAZARA kiko Mpika, Zambia. Ukipelekwa huko mtoto anaweza kuzaliwa wewe haupo. Uliza nani anakulipa ukiwa chuoni, na kama ukimaliza unafungwa kutumikia miaka mingapi.

Mimi ningekwenda, kama ratiba ya mwezi uliopita inaonyesha timu mbili. Ikionyesha watu walewale alfajiri na jioni, ningebaki na tajiri mwaka mmoja zaidi nikitafuta mlango mwingine, hata kama mwendokasi inatishia ruti yenu. Vyovyote utakavyoamua, leseni yako ya daraja C usiiache iishe muda. Na ukiipata hiyo ratiba, ipige picha, ziba majina, unitumie tuihesabu wote.