Kabla hujatengeneza fomu ya wananchi, nenda kakae steshenari

Nyie wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya fomu na madodoso ya huduma za umma, najua KoboToolbox na ODK, zile programu za kukusanya majibu kwa simu au kishkwambi, mnazicheza kuliko mimi, na mambo ya swali kujificha mpaka jibu fulani lichaguliwe mnayaandika hata mkiwa mnasinzia. Hilo sina wasiwasi nalo. Wasiwasi wangu ni ile kauli mtakayoikuta ofisini siku ya kwanza tu, "wananchi hawajui kujaza fomu". Na mimi niliimba hivyo hivyo miaka miwili mizima mpaka nilipoumbuka.

Kuumbuka kwenyewe kulikuwa hivi. Tulipewa kazi ya kupima wagonjwa wanasubiri muda gani kwenye kituo kimoja cha afya (sikitaji). Nikaweka maswali mawili, ulifika saa ngapi, ukaonwa na daktari saa ngapi, na kwenye kishkwambi nikaweka ile saa ya kuanzia 00:00 hadi 23:59 maana ndiyo iliyokuja na programu. Mama anasema nilifika saa mbili, karani anaandika 02:00. Anaendelea, nikaonwa saa tano, karani huyo huyo sijui akili ikamrudia anaandika 11:00. Masaa matatu yakawa tisa! Na karani wa dirisha la pili yeye alikuwa anabadilisha zote, kwa hiyo data nusu ni sahihi nusu ni uchawi, na huwezi kuzitenganisha. Mkubwa wangu kusoma ripoti akauliza kwa upole kabisa, "hiki kituo kinafunguliwa saa nane usiku?" Nilitamani ardhi ipasuke. Siku hizi naweka namba 1 mpaka 12, halafu chini yake alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, mtu anajibu kama anavyoongea na kompyuta inabadilisha yenyewe huko nyuma. Kazi ya kubadilisha ni ya kompyuta, usimpe karani aliyesimama juani toka asubuhi.

Kingine ambacho hakimo kwenye yale mafunzo ya Kizungu ni swali la kukanusha. Ukiuliza "Je, hujawahi kuombwa pesa ili uhudumiwe?" Mswahili anakujibu "ndiyo", akimaanisha ndiyo, sijawahi. Karani anatiki Ndiyo. Huku kwenye jedwali lako ndiyo inahesabika kwamba kaombwa rushwa, na hapo umeshamchongea mtu. Uliza moja kwa moja, "umewahi kuombwa pesa?" na majibu yaandike kwa urefu, "Nimewahi", "Sijawahi". Na usiulize mbili kwa mpigo, eti "umeridhika na huduma na lugha ya wahudumu?" Nesi alikuwa na lugha tamu ila dawa hakuna, sasa hapo mtu ajibu nini? Halafu jua watu wetu wana adabu, ukimuuliza mzee mbele ya muhudumu kama karidhika atakwambia nashukuru mwanangu, mnajitahidi. Mtoe pembeni kwanza.

Sasa turudi steshenari. Fomu za mtandaoni tunazitengeneza tukiwa na picha ya mtu na simu yake kochini, wakati mjazaji mwenyewe kwa sehemu kubwa ni kijana wa steshenari. Mama anakuja na bahasha ya kaki, anatoa NIDA, kile kitambulisho cha taifa, anasoma namba kwa sauti na kijana anagonga. Kaeni hapo nusu siku mtajifunza kuliko semina. Mimi nilikaa, nikaona kijana anaweka imeli yake mwenyewe kwa wateja wote maana mama hana imeli na kisanduku kina ile nyota nyekundu ya lazima, paswadi zao zote ziko kwenye daftari lake la kaunta, na majibu ya maombi yakija yanakwenda kwake. Nilirudi ofisini nikaifanya imeli kuwa ya hiari, tukatumia meseji ya kawaida. Tena uliza namba ya simu "tunayoweza kukupata", usiseme "namba yako", maana wengine wanatumia ya mtoto.

Hapo hapo nikaona lile la NIDA. Namba ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho imeandikwa na vistari katikati, mtu anaikopi kama anavyoiona, mfumo unamgomea kwa maandishi mekundu ya Kiingereza. Jamani, kufuta vistari ni mstari mmoja tu wa maelekezo ya kompyuta! Pokea vistari, pokea nafasi, futa mwenyewe. Na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, sasa kwa nini unamuuliza tena tarehe ya kuzaliwa kwa menyu ya kushuka inayoanzia 2025? Mzee wa 1948 anaisogeza mpaka kidole kinakufa ganzi. Na kwa asiye na NIDA ambaye lazima umuulize, weka visanduku vitatu, siku, mwezi, mwaka, aandike.

Wasiojua tarehe wapo, hasa wazee wetu. Ukilazimisha utapata tarehe 1 Januari nyingi za ajabu na umri unaoishia na 0 au 5. Karani mzuri anauliza, bibi, wakati wa Uhuru ulikuwa umeshaolewa? Vita vya Kagera vimekukuta na watoto wangapi? Na pembeni weka kisanduku cha "umri umekadiriwa", kitakuokoa.

Majina nayo msiyachukulie poa. "Jina la ukoo" ukilifanya lazima, Mzanzibari mwenye jina lake, la baba na la babu atabaki anakuangalia. Kama huna sababu ya kuyatenganisha, andika "majina yote kama yalivyo kwenye kitambulisho" basi. Anwani pia, bara tuna kata na mtaa au kijiji, Zanzibar kuna shehia. Na neno kaya liwekeeni maelezo, wanaokula chungu kimoja, la sivyo mpangaji wa chumba cha uani atahesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

Taarifa usiyokuwa na matumizi nayo usiulize. Dini, kabila, kipato, tunaweka tu kwa sababu fomu ya zamani ilikuwa nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, siku ukiulizwa ulikusanya ya nini uwe na jibu.

Ukimaliza rasimu chapisha karatasi tano, nenda kwa watu watano ambao si wafanyakazi wenzako, wape, kaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kugumu, utatamani kuelekeza. Na ile ya mtandaoni ijaribu hivyo hivyo. Mama mmoja alinijazia yote vizuri kabisa mpaka mwisho, akabonyeza tuma, akaniangalia. "Sasa baba, nitajuaje kama imefika?" Ukurasa wangu ulikuwa umerudi mwanzo, mweupe, na yeye alishaanza kujaza upya.