Mtoto yupo la tatu hajui kusoma, mwanasaikolojia wa shule atamsaidia nini hasa?

Dada, umesema mwanao yupo darasa la tatu na kusoma bado, shuleni wanamwita mvivu na wanamchapa, na shemeji yako kakushauri umtafute mwanasaikolojia wa watoto ampime IQ, yani kipimo cha akili kinachotoa namba, sasa unauliza kama hiyo hela haitapotea bure. Mimi nimesomea elimu maalumu pale chuo cha ualimu Patandi na watoto wa namna hii ndio kazi yangu ya kila siku, kwaiyo nitaandika kirefu kidogo, univumilie.

Hiyo IQ iweke pembeni kwanza. Kipimo cha namna hiyo kilianzia Ufaransa mwaka 1905, mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzake Simon walikitengeneza ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi shuleni, yani nia ilikuwa mtoto asaidiwe, na Binet mwenyewe alipinga ile dhana kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa kisichoongezeka. Vipimo vinavyotumika sana leo wastani wake ni 100, ila huo wastani umetokana na watoto wa nje huko waliopimwa, sio watoto wa Mbagala wala Kahama. Mwanao akipata 70, hiyo 70 haimwambii mwalimu jumatatu asubuhi afanye nini. Na swali la jumatatu asubuhi ndio kazi yenyewe ya mwanasaikolojia wa shule: kuna nini kati ya huyu mtoto na hii kazi aliyopewa, na kipi tubadilishe ili aiweze.

Kwaiyo anaanzia chini kabisa, macho na masikio. Mwaka 1896 kule Philadelphia, Marekani, mwanasaikolojia Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia, na mtoto wa kwanza kumhudumia aliletwa na mwalimu wake kwa sababu alikuwa mbovu sana wa spelling, kumbe moja ya matatizo yake lilikuwa macho. Mpaka leo nakutana na hilo hilo, mtoto anakaa dawati la nyuma kwenye darasa la watoto 80 ubaoni haoni, au sikio limetoa usaha toka akiwa mdogo na hakuna aliyelifuatilia, anasikia nusu nusu na mwalimu anaona dharau. Nyumbani unaweza kufanya hivi: simama nyuma yake hatua moja, aweke kidole kwenye sikio moja, mnong'oneze maneno mawili matatu ayarudie, alafu sikio la pili. Akikosa kosa mpeleke hospitali wampime vizuri, na macho wampime siku hiyo hiyo.

Vikiwa sawa ndio tunaingia kwenye kusoma, na hapa naomba usome taratibu maana ndipo watoto wengi wanapopotelea. Mpe kitabu chake cha shule. Unaweza kushangaa akasoma ukurasa mzima bila kukwama! Sasa ziba picha kwa mkono, alafu mwonyeshe neno moja la katikati ya sentensi umuulize hili ni nini. Kama amekariri utaona anarudi mwanzo wa mstari anaimba mpaka alifikie, macho hata hayapo kwenye karatasi. Baada ya hapo mwandikie maneno yasiyokuwepo duniani, lufa, tokebi, dasupi. Hayo hakuna aliyewahi kuyakariri, itabidi aunganishe herufi na sauti kweli kweli. Kiswahili kinasomwa kama kinavyoandikwa, kwaiyo mtoto wa la tatu aliyefundishwa inavyotakiwa anatakiwa ayaweze hata kama atajikokota.

Angalia anakosea wapi. Anachanganya b na d? Silabi za herufi mbili anazijua ila akikuta nywa, mbwe, ng'o anagonga ukuta? Au anatamka kila silabi sawa, ni-na-ku-pe-nda, akifika mwisho ya mwanzo imeshamtoka? Huyu wa mwisho huenda shida yake ni kumbukumbu ya muda mfupi, msaada wake ni kumpunguzia urefu wa neno na kumpa mazoezi mengi mpaka silabi zije zenyewe bila kufikiria. Yule wa nywa ni wa kufundishwa nywa tu, na inawezekana hana tatizo lolote ila hiyo wiki alikuwa anaumwa malaria. Watoto watatu wote "hawajui kusoma", na kila mmoja dawa yake ni yake.

Alafu kuna hili la kumpima mtoto huku unamfundisha. Vygotsky, yule mwanasaikolojia Mrusi aliyefariki 1934, alisema usiangalie tu anachoweza peke yake, angalia anachoweza akishikwa mkono kidogo. Na hili limefanyiwa kazi hapa hapa kwetu, mwanasaikolojia wa Marekani Robert Sternberg na wenzake mwaka 2002 walichapisha utafiti wao wa wanafunzi wa Bagamoyo: waliwapima, wakawapa mafunzo mafupi, wakawapima tena, alama zikapanda, na zile alama za baada ya mafunzo zilionyesha uwezo wa watoto vizuri zaidi kuliko za mwanzo. Ukipata mtaalamu muulize kama anapima hivyo. Akikwambia atakupa namba na ripoti tu, tafuta mwingine.

Kuhusu uvivu na kuchapwa nitasema wazi kwa sababu inaniuma. Tabia ya mtoto ina kazi inayomfanyia, na ukitaka kuijua andika kwenye daftari nini kilitokea kabla, alifanya nini, na baada ya hapo alipata nini. Nilikuwa na mtoto wa la tano anayevuruga darasa, walimu wote wamemchoka. Kuandika siku kadhaa tukaona fujo zinaanza muda wa kusoma kwa sauti kwa zamu, ikikaribia zamu yake anampiga mwenzake rula, anatolewa nje, zamu inampita. Ile adhabu ya kutolewa nje ndio ilikuwa zawadi yake. Tulikubaliana na mwalimu ampe sentensi yake siku moja kabla akaifanyie mazoezi, na asiitwe kwa kushtukizwa, fujo zikapungua bila fimbo. Mtoto anayechapwa kwa kutojua kusoma anajifunza kukiogopa kitabu basi. Na kanuni za viboko mashuleni zinataka iwe kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyempa kibali cha maandishi. Kushindwa kusoma sio kosa la nidhamu, una haki kabisa ya kwenda ofisini kumwambia mkuu wa shule hivyo, kwa adabu.

Shule nyingi za serikali hazina mwanasaikolojia, hilo unalijua. Anza na mwalimu wa ushauri na unasihi, alafu afisa elimu maalumu wa halmashauri, muulize kuna shule gani ya karibu yenye kitengo au mwalimu wa elimu maalumu. Omba mazungumzo yawe faragha, sio kwenye staff room mbele ya walimu wote, na mtoto asisikie anaitwa jina lolote la ugonjwa. Omba pia awekwe kwenye kikundi kidogo cha watoto watano sita wa kiwango chake, dakika 20 au 30 kila siku, na baada ya wiki sita hivi apimwe tena kwa maneno yale yale. Asiposogea kabisa hapo ndio wa kumlipia mtaalamu, na uende na daftari lako lenye makosa anayoyafanya, utamwokolea muda mwingi.

Ukishapima macho na masikio niandikie hapa, na yale maneno ya lufa na tokebi aliyasomaje, uandike herufi kwa herufi kama alivyotamka.