Jibu: Plasta ya kanisa la zamani inabanduka chini

Ndugu, umeuliza kwa nini plasta ya saruji inabanduka kila masika kwenye kanisa lenu la misheni huko Rungwe. Wamisionari Wamoravian walifika hapo 1891, na kuta nyingi za zamani ni matofali ya kuchoma yaliyoungwa kwa udongo au chokaa, bila nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji ya ardhini yanapanda ukutani, yanakuta saruji imeziba njia ya kutokea, tofali linaoza kwa ndani na kumeguka unga.

Anzeni nje: shusheni udongo angalau sentimita 15 chini ya sakafu, fungeni gata. Kwa mvua nyingi za Tukuyu, mji wenu huko Rungwe, bila hilo ni kazi bure. Bandueni saruji, ukuta ukauke kiangazi chote, kisha pigeni plasta ya chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka la sentimita moja moja. Rangi ya mafuta hapana, nayo inaziba unyevu kama saruji, hata kamati ya kanisa ikiing'ang'ania.