Altezza ya manyuo: kwa nini hendibreki inakuangusha kwenye drifti

Mkuu, umesema unajifunza drifti, yaani kulitelezesha gari kwenye kona kwa makusudi, na Toyota Altezza yako, na ukivuta hendibreki ama gari linanyooka tu, ama linazunguka mpaka linatazama ulikotoka. Makosa mawili hayo yana mzizi mmoja: hatua zako haziendi kwa mpangilio na wakati wake.

Tafuta uwanja mpana uliofungwa, si barabara ya watu. Sakafu ikiwa imelowa, bora zaidi. Gia ya pili, kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Achia mafuta kwanza, pua iiname, tairi za mbele zishike. Hapo ndipo unakata usukani kuingia kona. Kanyaga klachi, vuta hendibreki kwa nguvu ukiwa umebana kitufe chake kisijifunge, hesabu ya "moja" haijaisha umeshaachia. Mafuta mpaka rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 5,000 hivi, achia klachi ghafla. Ukikata usukani baada ya kuvuta, au mguu ukiwa bado kwenye mafuta, pua ni nyepesi na gari litanyooka. Ukishikilia hendibreki au ukichelewa kurudisha mafuta, litazunguka.

Usukani usiung'ang'anie. Nyuma ikitoka, usukani wenyewe unarudi upande wa mtelezo. Uache upite viganjani, kisha uudake. Wengi wanaozunguka ni kwa sababu wanaukaba.

Angalia pia hendibreki yenyewe. Kwenye Altezza ni viatu vidogo vya breki ndani ya diski ya nyuma. Vikiwa vimelegea, hata uning'inie kwenye mkono wake tairi hazifungi. Vikaze kwanza kabla ya kujilaumu.

Kupiga teke klachi ni mbinu ya pili, ya kujifunza baada ya hendibreki. Pua ikishaingia kona na mafuta yamekanyagwa, gonga klachi haraka na kuiachia, bila kuinua mguu wa mafuta. Injini ya 3S-GE ya gari hili haina turbo na nguvu yake iko juu, kwa hiyo chini ya rpm 5,500 unachoma klachi bure. Difu, inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma, nayo ina lake: ukiondoka kwa fujo kwenye kona na lami ikabaki na mstari mmoja mweusi, difu yako haina loki ya kuzifanya tairi zote mbili zivute pamoja. Tairi ya ndani itatoa moshi na gari halitatoka. Kwa difu hiyo baki na hendibreki. Na usizidishe mateke, maana gia boksi ya spidi sita ya gari hili haijulikani kwa uvumilivu.

Kuyumbisha gari nje kwanza halafu ndani, achana nako kwa sasa. Kunataka mwendo na nafasi kubwa.

Nyuma weka tairi za zamani na upepo psi 40, mbele tairi nzuri psi 32 hadi 35.

Usukani ukifika mwisho na gari bado linazidi kugeuka, hulirudishi tena. Klachi na breki chini kwa pamoja, mpaka lisimame.