Je, Kutembea Kando ya Maji Nako Ni Kivutio?

Katika toleo lililopita tuliandika aya mbili tu kuhusu Journey of Water, njia ya kutembea kwa miguu iliyofunguliwa tarehe 16 Oktoba 2023 ndani ya bustani ya burudani ya EPCOT ya kampuni ya Disney, huko Florida, Marekani, na iliyobuniwa kutokana na filamu ya katuni ya Moana ya mwaka 2016. Tulitaja pia kwamba mashabiki wa bustani hiyo wamegawanyika juu yake. Aya hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yetu ndefu ya mwezi huo, nasi tumechagua nne za kujibu.

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi wa Dar es Salaam tumezoea kwamba ukilipa kiingilio kwenye michezo ya maji pale Kunduchi, unapanda ngazi, unateleza, unatumbukia majini, na unaiona fedha yako ilikokwenda. Binamu yangu anayeishi Orlando amenitumia picha za video za kivutio hiki, nami sikumwona mtu akipanda chochote. Watu wanatembea tu. Mashabiki wengine wanakisifu mno, wengine wanasema ni njia ya kupita iliyopambwa kwa mabomba. Nani mwenye haki? — *Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu yetu, macho yako hayakukudanganya. Hakuna chombo cha kupanda, hakuna mteremko, na mtu asiye na haraka wala mtoto mkononi huimaliza njia yote kwa muda wa kama robo saa. Unaingia katikati ya miamba ya kutengenezwa, unafuata njia inayopindapinda kwenye mimea iliyosongamana, na maji yanakujia kwa sura mbalimbali: mara ni mvua, mara kijito, mara maporomoko, mara ziwa, mara bahari. Katika miamba wamechongwa wanyama ambao mtu huwaona akiangalia kwa makini, na juu ya yote anaonekana Te Fiti, yule mungu wa kike wa kisiwa katika filamu, sanamu yake ikiwa na urefu wa karibu mita 5 na amevikwa kijani kibichi.

Ili kuelewa hasira ya wanaolalamika, inabidi kujua walikotoka. Kivutio hiki kilitangazwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata janga la korona liliifunga EPCOT kuanzia Machi hadi katikati ya Julai, na hata ilipofunguliwa tena, wageni waliendelea kwa miaka kadhaa kuzunguka kuta za ujenzi zilizokuwa zimelikata eneo la katikati ya bustani. Shabiki anayekwenda huko kila mwaka alizitazama kuta hizo hadi akazizoea, na kadiri alivyosubiri ndivyo alivyojijengea kichwani jambo kubwa zaidi nyuma yake. Kuta zilipoondolewa akakuta njia ya kutembea. Anachopima mtu huyu ni miaka minne dhidi ya robo saa, na kwa mizani hiyo hata kitu kizuri hupungua uzito.

Hata hivyo, naona lawama hiyo imepelekwa kusikohusika. Bustani hiyohiyo ilikuwa imefungua Guardians of the Galaxy: Cosmic Rewind tarehe 27 Mei 2022, treni ya kasi inayomrusha mtu gizani hadi akashuka ameshika kichwa, hivyo anayetaka kupiga kelele ana pa kwenda. Kuilaumu Journey of Water kwa kutokuwa na kasi ni kumlaumu aliyekufumia mkeka kwa kuwa hakukuletea kitanda. Wanaoisifu hutaja mambo ambayo bustani za aina hiyo huyanyima sana: kwamba kwa kawaida mtu huingia bila kusota kwenye foleni, kwamba anakaa humo kadiri apendavyo bila kufukuzwa na zamu ya mwingine, na kwamba bibi wa miaka themanini na mjukuu wake wanaweza kuifurahia pamoja, bila mmoja kumsubiri mwenzake nje akiwa ameshika mikoba. Nilipoipita jioni, taa zikiwa zimewashwa chini ya maji na watu wamepungua, nilielewa kwa nini baadhi yao husema kwamba anayeiona mchana peke yake ameiona nusu.

Katika jambo moja nawapa haki wakosoaji. Mtu mzima asiye na mtoto, akishaipita mara moja ya mchana na mara moja ya usiku, hana sababu kubwa ya kurudi. Ni kivutio kinachoishi kwa mikono ya watoto, na asiyekuja na mikono hiyo ataazima furaha ya wengine.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Tunaishi Minnesota na tunapanga kwenda Florida wakati wa likizo pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka tisa. Je, tutanunua tiketi ya peke yake kwa ajili ya njia hii? Na je, watoto wataloa? — *Mama wa watoto wawili, Minneapolis*

JIBU: Marahaba, dada yetu. Tiketi ya kuingia EPCOT ndiyo hiyohiyo inayowaingiza humo, na hakuna sharti la urefu, kwa hiyo mdogo wako hatarudishwa mlangoni kama inavyotokea kwenye michezo ya kasi. Kuhusu kuloa, jibu linategemea mtoto mwenyewe. Atakayepita katikati ya njia akiwa ametulia anaweza kutoka na rasharasha tu, lakini sijui ni mtoto gani wa miaka mitatu atakayekaa ametulia mahali ambapo maji yanamwita. Kuna sehemu ambapo ukinyosha mkono, maji yanajibu. Kuna michirizi iliyosimama kama nyuzi za kinubi, na kila unapoikatiza kwa kiganja hutoa sauti ya muziki. Hilo la kinubi ndilo litakalomshika mkubwa wako, kwa sababu ataanza kutafuta wimbo. Beba nguo za kubadili na taulo dogo, uwavike viatu visivyoteleza, na waeleze mapema kwamba hapo si bwawa la kuogelea.

Ukiniuliza saa ya kwenda, ningesema mchana jua linapokuwa kali kwa ajili ya watoto, kisha urudi peke yako au na mwenzako baada ya magharibi.

SWALI: Mhariri, katika bustani hiyo nimewahi kuona maji yakiruka kutoka shimo moja hadi jingine kama kipande cha kamba ya kioo, bila kumwagika wala kutawanyika. Mashabiki wa zamani wanasema kwamba jambo hilo si geni na kwamba kivutio kipya kimerithi tu ufundi wa kale. Je, ni kweli, na maji yanawezaje kufanya hivyo? — *Msomaji wa Deira, Dubai*

JIBU: Ni kweli kwamba EPCOT imecheza na maji tangu ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Chemchemi unazozisema ziko kwenye banda la Imagination, hatua chache tu kutoka kwenye njia mpya, na watoto wa miaka ile waliozikimbiza wakijaribu kuzidaka sasa wanawapeleka watoto wao kufanya vilevile. Ndiyo maana kundi hili la mashabiki halikushangazwa sana na Journey of Water, ila wengi wao waliipokea kwa upole, kama mtu anayemwona mjukuu amechukua sura ya babu.

Siri yake iko katika kuyatuliza maji kabla hayajatoka. Maji ya bomba la kawaida hutoka yakiwa yamevurugika: kila chembe ina mwendo na mwelekeo wake, hewa inaingia, mkondo unakuwa mweupe na kuvunjikavunjika. Katika chemchemi hizi, maji hupitishwa kwanza kwenye chumba kilichojazwa mirija mingi myembamba, iliyolazwa sambamba kama fungu la mabua, ambayo huyalazimisha yote kwenda upande mmoja kwa utulivu. Kisha hutoka kupitia tundu laini lenye ukingo mkali, yakiwa angavu kama fimbo ya kioo. Baada ya hapo kinabaki kitu kimoja, nacho ni kuukata mkondo ghafla. Ukikatwa kwa haraka ya kutosha, kipande chenye mwanzo na mwisho huruka peke yake angani, hufuata upinde wake na kuingia katika shimo la pili. Usiku, taa ikiwekwa chini ya mkondo wa namna hiyo, mwanga hunaswa ndani na kupinda pamoja na maji, jambo ambalo Daniel Colladon alilionyesha mbele ya watu mjini Geneva mapema katika miaka ya 1840, na ambalo leo ndilo linalobeba intaneti ndani ya nyaya za kioo chini ya bahari.

Wewe uliye Dubai una sababu ya ziada ya kuijua habari hii. Mhandisi aliyebuni chemchemi hizo za kuruka, Mark Fuller, alikuwa ameandika tasnifu yake ya chuo kikuu kuhusu mtiririko tulivu wa namna hii kabla ya kuajiriwa na Disney. Mwaka 1983 alishirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya WET, na kampuni hiyo ndiyo iliyobuni chemchemi za hoteli ya Bellagio mjini Las Vegas, zilizozinduliwa mwaka 1998, na zile za chini ya jengo la Burj Khalifa, zilizozinduliwa mwaka 2009. Mara nyingine ukisimama pale jioni kungoja muziki uanze, ujue kwamba ukoo wake unafika hadi kwenye mashimo yale ya Florida.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sayansi. Nimesoma kwamba mashabiki wakongwe wa EPCOT wanalalamika kuwa bustani iliyoanzishwa kwa ajili ya elimu imemezwa na filamu za watoto, na kwamba Moana ni tone la mwisho. Je, kuna somo lolote humo, au ni tangazo la filamu lenye maji? — *Mwalimu, Mombasa*

JIBU: Mwalimu, malalamiko hayo yana historia, na si ya watu wenye choyo tu. Mwaka 1986 EPCOT ilifungua The Living Seas, banda lenye tangi la maji ya chumvi la zaidi ya lita milioni 20, likiwa na nia ya kuwafundisha watu habari za bahari. Mwaka 2007 likawa la Nemo, samaki wa filamu ya katuni. Katika eneo la bustani linaloonyesha nchi ya Norway, safari ya mashua ya Maelstrom, iliyoanza mwaka 1988, iliondolewa na mahali pake pakaingia safari ya filamu ya Frozen mwaka 2016. Mtu aliyeyaona hayo yote, kisha akasikia jina la Moana, alikuwa na haki ya kukunja uso.

Lakini nadhani safari hii walikunja uso mapema mno. Hadithi ya filamu haisimuliwi upya humo; kinachosimuliwa ni mzunguko wa maji wenyewe, kuanzia mvua hadi bahari na kurudi mawinguni, na anayepita hujifunza kwa kiganja kabla ya kusoma kibao. Kwa mtoto aliyekariri mchoro wa mishale ubaoni bila kuamini hata mshale mmoja, hilo si jambo dogo. Miongoni mwa nyongeza zote zilizotokana na filamu katika bustani ile, naiona hii kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na nia ya mwaka 1982.

Wanafunzi wako, kwa bahati nzuri, hawahitaji viza. Mvua huangukia vilima vya Chyulu, hunywewa na mawe ya volkano, husafiri chini ya ardhi na kuibuka safi katika chemchemi za Mzima, Tsavo, ambako viboko huogelea, na sehemu ya maji hayo huingizwa katika bomba linalosafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa. Wapeleke kwanza kwenye mfereji wa shule waufungue, ndipo uwachoree mishale.